Antoni Gaudí: Mjenzi wa Barcelona Aliyedhaniwa Kuwa Ombaomba

Tarehe 14 Aprili 2025, siku saba kabla ya kuaga dunia, Baba Mtakatifu Fransisko aliridhia kuchapishwa kwa hati inayotambua kwamba Mtumishi wa Mungu Antoni Gaudí aliziishi fadhila za Kikristo kwa kiwango cha kishujaa. Tangu siku hiyo Kanisa linamwita Mheshimiwa. Gaudí hakuwa padre wala mtawa, hakuanzisha shirika, hakuandika kitabu cha teolojia. Alikuwa mlei asiyeoa, msanifu majengo kwa taaluma, Mkatalani kwa kuzaliwa na kwa lugha. Miaka 100 tangu kifo chake inatimia tarehe 10 Juni 2026, nasi tumeona ni vema kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake. Wengi wanayajua majengo yake kwa picha. Ni wachache wanaomjua mtu mwenyewe, na wachache zaidi wanaojua jinsi alivyokufa.

Mtoto wa mfua shaba

Gaudí alizaliwa tarehe 25 Juni 1852 katika eneo la Reus, kusini mwa Katalonia, nchini Hispania, akabatizwa kesho yake katika kanisa la Mtakatifu Petro mjini humo. Alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Baba yake, Francesc, alikuwa mfua shaba, na mama yake, Antònia Cornet, alitoka pia katika ukoo wa wafua shaba. Katika karakana ya baba yake mtoto huyo aliona jinsi bamba bapa linavyopigwa nyundo hadi likajikunja na kuwa chombo chenye tumbo na shingo. Baadaye mwenyewe alikiri kwamba hapo ndipo alipojifunza kuona umbo la kitu kizima kabla hakijatengenezwa.

Tangu utotoni alisumbuliwa na maumivu ya viungo, hata siku nyingine hakuweza kutembea na ikabidi apandishwe punda. Wenzake walipokuwa wakikimbia, yeye alikaa akitazama konokono, majani, mashina ya miti na mawe. Ugonjwa uliomnyima michezo ulimpa macho. Shuleni alilelewa na mapadre wa shirika la Mtakatifu Yosefu Calasanz, lililoanzishwa kwa ajili ya kuwafundisha watoto maskini bila malipo.

Ili tumwelewe Gaudí, tunapaswa kuielewa nchi yake. Katalonia iko kaskazini-mashariki mwa Hispania, kati ya milima ya Pyrenees na bahari ya Mediteranea, nayo ina lugha yake yenyewe, Kikatalani, ambayo ni ndugu wa Kihispania na Kifaransa lakini si lahaja ya yoyote kati ya hizo. Tarehe 11 Septemba 1714 mji wa Barcelona ulianguka mikononi mwa majeshi ya mfalme Filipo wa Tano baada ya kuzingirwa kwa muda mrefu, na Wakatalani wakapoteza mabaraza na sheria zao za kale. Lugha yao ikaondolewa katika ofisi za serikali, ikabaki nyumbani, sokoni na kanisani. Katika karne ya 19 palitokea mwamko mpya: washairi, wasomi na mapadre wakaanza kuiandika tena kwa fahari, na viwanda vya nguo vikaifanya Barcelona kuwa mji wa utajiri mwingi na wa umaskini mwingi kwa wakati mmoja. Gaudí alikulia ndani ya mwamko huo.

Mwanafunzi, kijana, yatima

Mwaka 1868 alihamia Barcelona, na baadaye akaingia katika chuo cha usanifu majengo. Familia iliuza mali yake ili asome, na yeye alifanya kazi kwa wasanifu wengine huku akiendelea na masomo. Mwaka 1876 kaka yake Francesc, aliyekuwa ndiyo kwanza amehitimu udaktari, alifariki dunia, na muda mfupi baadaye mama yao akamfuata. Gaudí alihitimu mwaka 1878. Mwaka uliofuata dada yake Rosa akafa pia, akaacha binti mdogo, na Gaudí akamchukua mpwa huyo pamoja na baba yake mzee, akaishi nao kama familia moja mpaka kifo kilipowatenganisha.

Hatuna haja ya kumfanya mtakatifu tangu tumboni. Kijana Gaudí alipenda kuvaa vizuri, kuvaa glovu laini na kuonekana mahali wanapoonekana watu wakubwa. Alikuwa na hasira za karibu na ulimi mkali, kasoro aliyopigana nayo hadi uzeeni. Alimpenda mwalimu mmoja wa kike wa chama cha ushirika cha wafanyakazi wa Mataró, akamposa, naye akakataa. Hakuoa kamwe.

Kazi zilikuja haraka. Tajiri Eusebi Güell, mwenye viwanda, akawa mfadhili na rafiki yake kwa miaka 40, akamkabidhi jumba lake, bustani iliyo juu ya mji na kanisa la makazi ya wafanyakazi wake. Watalii wa leo humiminika kuyaona majengo hayo yenye paa kama migongo ya mazimwi na kuta zinazotiririka kama mawimbi. Angeishia hapo, angekumbukwa kama fundi hodari wa matajiri.

Kanisa lisilokuwa lake

Mwaka 1883, akiwa na umri wa miaka 31, alikabidhiwa kazi ambayo mwingine alikuwa ameianza na kuiacha. Muuza vitabu mmoja wa Barcelona, Josep Maria Bocabella, alikuwa ameanzisha chama cha waamini wenye ibada kwa Mtakatifu Yosefu, nao wakaazimia kujenga kanisa kwa heshima ya Familia Takatifu. Jiwe la msingi liliwekwa tarehe 19 Machi 1882, Sikukuu ya Mtakatifu Yosefu. Lilikusudiwa kuwa kanisa la malipizi: litajengwa kwa sadaka za waamini, kama tendo la toba kwa ajili ya dhambi za watu. Halikuwa kanisa kuu la jimbo, kwa maana Barcelona ina kanisa kuu lake tangu zama za kati. Lilikuwa wazo la mwuza vitabu na la watu wa kawaida.

Sisi tuliozoea makanisa yanayojengwa kwa michango ya jumuiya, tofali kwa tofali, tunaielewa hali hiyo bila kuelezwa. Fedha zikija, mafundi wanapanda jukwaani; fedha zikiisha, wanashuka. Gaudí alijifunza kuishi na mwendo huo. Alipoambiwa kwamba kazi inakwenda polepole, alikuwa akijibu kwamba mwenye jengo, yaani Mwenyezi Mungu, hana haraka.

Mpango wake ulikuwa kanisa linalofundisha. Lingekuwa na minara 18: 12 ya Mitume, minne ya Wainjili, mmoja wa Bikira Maria na ule wa katikati, mrefu kuliko yote, wa Bwana wetu Yesu Kristo. Lingekuwa na nyuso tatu: Kuzaliwa, Mateso na Utukufu, ili asiyejua kusoma aweze kusoma katekisimu kwenye mawe. Ndani, nguzo zingeinuka kama miti na kutawanya matawi juu, ili mwamini ajione amesimama msituni, nao mwanga ukipenya katikati ya majani. Mnara wa Yesu ulipangiwa kimo cha mita 172.5, chini kidogo ya mlima wa Montjuïc ulio kando ya mji, kwa sababu Gaudí aliona kwamba kazi ya mikono ya binadamu haipaswi kuipita kazi ya Mungu.

Alijua tangu mapema kwamba hataliona limekamilika. Kwa hiyo hakuzitandaza kuta zote kwa pamoja kwa kimo kidogo. Alichagua uso mmoja, wa Kuzaliwa, akaupandisha hadi juu, ili kizazi kitakachofuata kikute kitu kilichokamilika na kisithubutu kuiacha kazi. Kwa sanamu za uso huo hakutafuta watu wenye sura za kifalme. Aliwachukua majirani, mafundi na watoto wa mtaani, hata punda aliyekuwa akizunguka mtaani na mwenye nyumba wake, akawafanya kuwa watu na wanyama wa Bethlehemu.

Kwaresima ya mwaka 1894

Kazi hiyo ilimbadilisha mfanyakazi mwenyewe. Ili ajenge kanisa, ilimlazimu kuelewa kinachofanyika ndani yake, akaanza kusoma liturujia, kuhudhuria Misa kila siku na kutafuta urafiki wa mapadre wenye elimu. Askofu Joan Baptista Grau wa Astorga, mzaliwa wa Reus kama yeye, alimwagiza ajenge makao ya askofu, na katika mazungumzo yao alimfungulia utajiri wa ibada za Kanisa. Askofu huyo alifariki dunia mwaka 1893.

Katika Kwaresima ya mwaka uliofuata Gaudí alifunga kwa ukali kiasi kwamba alilala kitandani akielekea kufa. Marafiki hawakuweza kumshawishi. Ndipo akaja padre Josep Torras i Bages, ambaye baadaye alikuwa Askofu wa Vic, akamweleza kwamba maisha yake hayakuwa mali yake na kwamba alikuwa na kazi ya kufanya duniani. Gaudí alitii, akala. Tunaliona tukio hilo kuwa na uzito mkubwa kuliko mfungo wenyewe. Kufunga kulikuwa nguvu zake; kutii ilikuwa neema.

Kuanzia hapo mwanamume aliyependa glovu laini akawa mtu wa suti moja iliyochakaa. Alikula kidogo, mboga na maziwa, akatembea kwa miguu, na jioni akaenda kusali na kuungama katika kanisa la Mtakatifu Filipo Neri.

Moto wa mwaka 1909

Wakati huo huo mji ulikuwa ukichemka. Katika viwanda watu walifanya kazi saa nyingi kwa ujira mdogo. Mwezi Julai 1909 serikali iliwaita askari wa akiba, wengi wao baba wenye watoto, waende kupigana vita nchini Morocco. Wenye fedha waliweza kulipa ili wasiende, maskini hawakuweza. Mgomo ukaanza, ukageuka ghasia, na kwa siku kadhaa makumi ya makanisa, nyumba za watawa na shule za Kanisa zikateketezwa. Historia inaziita siku hizo Juma la Huzuni.

Hapa kuna swali ambalo hatuwezi kulikwepa. Kwa nini watu waliobatizwa waliyachoma makanisa yao? Wengi wao waliona kwamba Kanisa lilikuwa upande wa wenye fedha, na kelele za wachochezi zilipata masikio kwa sababu njaa ilikuwa ya kweli. Je, ilikuwa haki kujenga minara mirefu kando ya vibanda? Familia Takatifu haikuguswa na moto huo, lakini Gaudí hakuyafumba macho. Mwezi Novemba mwaka huo huo ilifunguliwa, ndani ya kiwanja cha kanisa, shule aliyoisanifu kwa ajili ya watoto wa mafundi wake na watoto wa mtaa ule. Kuta na paa lake aliyapinda kama mawimbi, na kwa kupindika huko tofali za bei nafuu zikapata nguvu bila gharama kubwa. Wataalamu wa usanifu bado wanaistaajabia shule hiyo ndogo. Shule haikulijibu swali lote, lakini ilionyesha kwamba Gaudí alilisikia.

Miaka iliyofuata ilimvua kila kitu. Baba yake alikuwa ameshafariki mwaka 1906. Mpwa wake Rosa alifariki mwaka 1912, msaidizi wake mkuu Francesc Berenguer mwaka 1914, Askofu Torras i Bages mwaka 1916, na rafiki yake Güell mwaka 1918. Gaudí aliacha kazi nyingine zote akabaki na kanisa. Fedha zilipokauka wakati wa vita kuu ya kwanza, mzee huyo aliyewahi kujenga majumba ya matajiri alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba akiomba sadaka kwa ajili ya ujenzi. Mwishoni alihamia kuishi katika karakana ya kanisa, kati ya michoro na sanamu za plasta.

Lugha ya mama mbele ya polisi

Mwaka 1923 jenerali Primo de Rivera alitwaa madaraka nchini Hispania, na matumizi ya Kikatalani hadharani yakabanwa. Tarehe 11 Septemba 1924, kumbukumbu ya kuanguka kwa Barcelona, Gaudí alikwenda kwenye kanisa la Watakatifu Justo na Pastor kuhudhuria Misa ya kuwaombea waliokufa mwaka 1714. Polisi walimzuia mlangoni. Walipomtaka aseme Kihispania, aliendelea kusema Kikatalani, lugha aliyofundishwa kusali na mama yake. Mzee huyo wa miaka 72 akakamatwa, akafungiwa kwa saa kadhaa, akatozwa faini.

Hatulisimulii tukio hili ili kuingilia siasa za Katalonia, ambazo hadi leo zinawagawa Wakatalani wenyewe kuhusu uhusiano wao na Hispania. Tunalisimulia kwa sababu kila anayesali kwa lugha ya kwao anaelewa kilichokuwa hatarini pale mlangoni. Gaudí hakumtukana mtu, hakubeba silaha. Alitaka kuingia kanisani kuwaombea marehemu, na alikataa kuona aibu kwa maneno ambayo kwayo alikuwa amejifunza kumwita Mungu Baba.

Tramu

Jioni ya tarehe 7 Juni 1926 Gaudí alitoka kazini kuelekea kanisa la Mtakatifu Filipo Neri, kama desturi yake. Alipokuwa akivuka barabara kuu ya Gran Via aligongwa na tramu, akaanguka bila fahamu. Hakuwa na hati yoyote ya kumtambulisha. Nguo zake zilikuwa kuukuu. Waliomwona walidhani ni ombaomba, na madereva kadhaa wa teksi walikataa kumbeba. Walikuwapo wapita njia waliosimama na kumsaidia, na hatimaye akafikishwa katika Hospitali ya Msalaba Mtakatifu, hospitali ya kale ya maskini wa Barcelona, akalazwa katika wodi ya watu wote.

Msomaji wetu atakuwa ameshaukumbuka mfano wa Msamaria mwema. Mji mzima ulijua jina la Gaudí, lakini ulishindwa kumtambua alipolala barabarani, kwa sababu alifanana na wale ambao mji ulikuwa umezoea kuwapita. Kesho yake padre Gil Parés, aliyehudumia kanisa la Familia Takatifu, alimtafuta na kumkuta pale wodini. Gaudí alipokea sakramenti za mwisho, akafariki tarehe 10 Juni, akiwa amebakiza siku 15 kutimiza miaka 74. Tarehe 12 Juni umati mkubwa ulisindikiza jeneza lake hadi kwenye kanisa la chini ya ardhi la Familia Takatifu, akazikwa katika kikanisa cha Bikira Maria wa Mlima Karmeli. Alipokufa, mnara mmoja tu wa kengele, wa Mtume Barnaba, ulikuwa umekamilika.

Kilichobaki

Hata mauti hayakuwa mwisho wa kuvuliwa. Mwezi Julai 1936, vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza, karakana yake ilivamiwa, michoro ikachomwa, na sanamu za plasta alizowaachia warithi wa kazi zikavunjwa vipande vipande. Mafundi waliokuja baadaye walivikusanya vipande hivyo, wakaviunganisha, wakaendelea. Mmoja wao, mchongaji Etsuro Sotoo kutoka Japani, alikuja kuchonga mawe bila kuwa Mkristo, na kwa kuitafuta nia ya Gaudí aliifikia imani ya Gaudí, akabatizwa. Tarehe 7 Novemba 2010 Baba Mtakatifu Benedikto wa Kumi na Sita alilitabaruku kanisa hilo na kulipa hadhi ya Basilika ndogo.

Sasa Kanisa linangoja. Ili Gaudí atangazwe Mwenyeheri, unahitajika muujiza mmoja uliothibitishwa kuwa umepatikana kwa maombezi yake, na mwingine baada ya hapo ili atangazwe Mtakatifu. Uamuzi huo hautategemea uzuri wa minara. Wapo wajenzi wengi hodari ambao Kanisa halikuwachunguza. Kinachotazamwa ni namna alivyoifanya kazi: kwa sala, kwa utii alipoonywa, kwa kuomba sadaka bila haya, na kwa kukubali kupanda mti ambao kivuli chake wangekikalia wengine.

Ndani ya majimbo yetu wamo mafundi waashi, maseremala na wachoraji ramani wanaodhani kwamba utakatifu ni wa watu wa altareni. Wamo pia waamini waliochoka kuchangia kanisa ambalo halijaezekwa mwaka wa kumi huu. Tunawaalika wamkumbuke mzee wa Barcelona. Na siku tutakapomkuta mtu amelala kando ya barabara, nguo zake kuukuu, bila jina mfukoni, tusimame kwanza. Hatujui ni nani.